Mikono ile ile mitano

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa darasa la sita, mwaka wangu wa nne kazini. Nina wanafunzi 58. Kila nikiuliza swali, mikono inayonyooka ni ya wale wale watano, wavulana wanne na msichana mmoja. Nikimtaja mwingine anasimama, anatazama chini, wenzake wanaanza kucheka. Kuna msichana ambaye daftari lake ni safi na kazi za nyumbani anazipata, lakini nikimwita ubaoni analia. Mwalimu mwenzangu ananiambia hesabu ni kipaji: niwaendeleze hao watano, wengine niwakaririshe kanuni wapate alama za kuvukia. Sitaki kuamini hivyo, ila muda unakwisha na mtihani uko mbele. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila nikirudia jicho langu linatua pale pale, kwa yule msichana mwenye daftari safi anayelia ubaoni. Ushahidi umeuleta mwenyewe. Huyo mtoto anajua. Kinachomshinda ni kusimama mbele ya wenzake 57 na kuhukumiwa. Nami naamini hayuko peke yake humo ndani, ila yeye daftari limemfichua, wengine bado wamejificha.

Kwa maoni yangu darasa lako limenyamaza kwa sababu limefundishwa kunyamaza. Kwa miaka sita watoto hawa wamejifunza kwamba kwenye hisabati anayesema anajiweka hatarini, na anayetazama chini yuko salama. Wamelielewa somo hilo barabara, na huwezi kulifuta kwa kuwasihi wawe majasiri. Litafutika ukipunguza gharama ya kukosea, na ukibadilisha kile ambacho darasani mwako kinahesabiwa kuwa jibu.

Tuanze na jambo dogo kabisa: sekunde zinazofuata swali lako. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi akapima muda ambao mwalimu husubiri akishauliza. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Jibu lisipotoka, mwalimu alirudia swali, akamtaja mwingine, au akajijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitolea kusema, na baadhi ya wale waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Rowe aliona pia kuna kusubiri kwa pili, baada ya mtoto kujibu na kabla mwalimu hajasema neno. Huko nako kuna faida kubwa, kwa sababu mtoto akiachiwa nafasi huongeza sababu yake mwenyewe.

Sasa ilete sekunde hiyo moja kwenye hisabati. Umeuliza robo tatu ya 48 ni ngapi. Mtoto anatakiwa alisikie swali, akumbuke robo ni nini, agawanye 48 kwa 4, aishike 12 kichwani, aizidishe kwa 3, apate 36, kisha ajiulize kama 36 inaingia akilini. Yuko bado kwenye 12, mkono wa kwanza wa wale watano umeshanyooka, nawe umeshautazama. Papo hapo wengine 53 wanaacha kufikiri. Swali limeshapata mwenyewe, wao watafute nini tena? Hapo ndipo mikono ya watano inapowazima wengine, bila kosa la yeyote kati yao.

Kwa hiyo kesho piga marufuku kunyoosha mkono. Kwa wiki mbili tu, na uwaeleze kwa nini. Uliza swali, andika ubaoni ili lisipotee hewani, kisha toa dakika moja au mbili ambazo hakuna anayesema, wewe ukiwemo. Kila mtu aandike kitu kwenye daftari: jibu, mchoro, mstari mmoja, au hata "nimefika hapa nimekwama". Baada ya hapo amwoneshe jirani yake na wakubaliane au wapingane kwa sauti ya chini. Darasa zima ndilo linafuata mwisho. Mtoto ambaye wazo lake limeshapita kwenye karatasi na limeshasikiwa na mtu mmoja husema mbele ya wote akiwa na kitu mkononi. Yule unayemtaja ghafla husimama mikono mitupu, na ndiye anayechekwa.

Dakika hizo si za wewe kupumzika. Pita kati ya madawati usome madaftari. Katika dakika tatu mwalimu aliyezoea anaweza kuona ishirini. Usisahihishe, usitie tiki. Tafuta njia tatu zinazotofautiana, mojawapo ikiwa na kosa zuri, yaani kosa ambalo wengi wanalo na lina sababu. Hizo ndizo utakazozileta mbele, kwa ridhaa ya wenyewe. Nitarudi hapo nikifika kwa yule msichana.

Jambo la pili ni namna unavyolipokea jibu. Tazama masomo mengi ya hisabati utaona mtindo mmoja: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anahukumu. "Saba mara nane?" "Hamsini na sita." "Vizuri." Mtafiti Hugh Mehan aliuchambua mtindo huu katika kitabu chake cha 1979, na walimu wa leo tungali nao. Kwa kupima kumbukumbu haraka hauna ubaya. Lakini ukitawala somo zima, watoto wanahitimisha kwamba jibu liko kichwani mwa mwalimu na kazi yao ni kulikisia. Dada yake mtindo huo ni ule wa kumalizia sentensi. Unasema "kwa hiyo asili zikifanana tunajumlisha nini?" ukiivuta sauti, darasa linaitika "kiasiii", unauliza "mmeelewa?", wanaitika "ndiyooo". Mimi niliwahi kufundisha mwaka mzima kwa "ndiyooo" hiyo, nikidhani darasa langu linakwenda vizuri. Sauti 60 zikiitika pamoja huwezi kujua ni ngapi zinazofuata nyingine.

Watoto wakizoea kukisia kinachotakiwa, wanafika mbali kuliko unavyodhani. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa taasisi ya ufundishaji wa hisabati ya Grenoble, Ufaransa, waliwapa wanafunzi 97 wa madarasa ya chini swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Wanafunzi 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichezea namba hizo. Ni rahisi kusema hawakufikiri. Guy Brousseau, mwanahisabati Mfaransa aliyechunguza mambo haya kwa miaka mingi, anatusaidia kuliona vingine: kati ya mwalimu na wanafunzi kuna mkataba usioandikwa. Mkataba unasema swali la mwalimu lina jibu daima, namba zote zilizotajwa lazima zitumike, na kuuliza "swali hili lina maana?" hakumo katika kazi ya mwanafunzi. Watoto wale waliutii mkataba. Mwanafunzi wako anayekaa kimya naye anautii, kifungu chake tu ni kingine: usiseme mpaka uwe na hakika unalosema ndilo linalotakiwa.

Hapo ndipo nafika kwa mwenzako anayesema hesabu ni kipaji. Simlaumu, ni neno linalosikika kila mahali, na linampumzisha mwalimu aliyechoka. Lakini nataka umwoneshe mambo mawili.

La kwanza linatoka Recife, Brazili. Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha mwaka 1985 utafiti wao juu ya watoto watano, wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza bidhaa sokoni na mitaani. Watafiti walijifanya wateja, wakawauliza bei na chenji. Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Baadaye hesabu za namna hiyo hiyo zikarudi kwao kwa sura ya shule. Kwenye mafumbo ya maneno walipatia asilimia 74. Kwenye namba tupu, asilimia 37. Watoto wale wale.

Mfano mmoja wa utafiti ule huwa siuachi nikikaa na walimu. Mtoto aliulizwa nazi nne ni kiasi gani, moja ikiwa 35. Akahesabu kwa mdomo: tatu ni 105, ongeza 30 ni 135, nazi moja ni 35, kwa hiyo 140. Sawasawa kabisa. Baadaye akapewa 35 mara 4 kwenye karatasi, akapata 200. Alieleza hivi: nne mara tano ni ishirini, nabeba mbili, mbili na tatu ni tano, mara nne ni ishirini. Amejumlisha ile mbili ya mkononi kabla ya kuzidisha. Kanuni ya shule aliikumbuka nusu, na akiwa ndani yake hakujiuliza kama 200 inawezekana, ingawa mdomo wake ulishasema 140.

Kipaji cha mtoto huyu kiko wapi, sokoni au kwenye karatasi? Swali lenyewe halina maana. Anazo hesabu, na pia ana shule iliyomzoesha kwamba akishika kalamu aache kufikiri. Naongeza tahadhari, kwa kuwa utafiti huu hutumiwa vibaya: dawa yake si kujaza kila swali nazi na machungwa. Mtoto akishazoea kwamba maswali ya maduka ni nguo tu iliyovishwa kanuni, anavua nguo na kufanya yale yale. Dawa ni kumpa ruhusa ya kutumia njia yake ya mdomo darasani, kuiandika ubaoni kama ilivyo, kisha kuiweka kando ya kanuni na kuuliza: hii 105 yake iko wapi katika kanuni yetu?

La pili linawahusu wale watano wako. Mwaka 1973 Stanley Erlwanger aliandika juu ya mvulana wa miaka 12 aliyempa jina la Benny. Benny alikuwa katika mpango wa kujisomea kwa vijitabu na majaribio, akipanda hatua kwa hatua, na mwalimu wake alimhesabu kuwa miongoni mwa wanafunzi wazuri wa hisabati. Erlwanger alipokaa naye na kumuuliza "umejuaje?" akakuta kwamba kwa Benny 2/10 ni sawa na 1.2, kwa sababu 2 na 10 ni 12 na nukta inakaa katikati. Alikuwa na kanuni nyingi za namna hiyo, alizojitungia kwa kukisia karatasi ya majibu inataka nini. Alama zake zilikuwa nzuri. Basi usidhani tatizo lako ni wale 53 peke yao. Wachukue watano hao mmoja mmoja, uwaulize umejuaje, usikie. Huenda wawili wanajua, na watatu wana kasi tu.

Sasa kicheko. Wengi wangekushauri ukikemee, nami nasema ukikemee mara moja, kwa uzito, bila hotuba: humu hatumcheki mtu anayefikiri. Lakini katazo halitoshi. Kicheko kinaishi pale kosa linapokuwa mwisho wa safari, mtoto amekosea, mwalimu kasema hapana, tunahamia kwa mwingine. Kosa likigeuka kuwa kazi ya darasa zima, hakuna anayebaki na nafasi ya kucheka.

Nikuoneshe ninavyomaanisha. Niliandika ubaoni 0.6 na 0.45, nikauliza ipi ni kubwa. Dakika mbili za kuandika, nikapita. Zaidi ya nusu walikuwa wamechagua 0.45. Nikamwomba mvulana mmoja asome sababu yake. "Kwa sababu arobaini na tano ni kubwa kuliko sita." Nikaiandika sentensi yake ubaoni kama alivyoisema, sikutikisa kichwa, sikuweka alama yoyote. Nikauliza nani anaona hivyo hivyo. Wengi. Nani anaona vingine, na kwa sababu gani? Msichana wa mstari wa nyuma akasema, "0.6 imepita nusu, 0.45 haijafika nusu." Nayo nikaiandika, chini ya ile ya kwanza, kwa chaki ile ile. Nikasema, hizi mbili haziwezi kuwa kweli zote, tufanyeje tujue? Nikakaa kimya. Ilikuwa kimya kirefu, na nakiri kilinichoma. Kisha mmoja akapendekeza tuchore mstari kutoka 0 hadi 1, tuugawe mara kumi. Yule mvulana wa kwanza mwenyewe ndiye aliyekuja kuitafuta 0.45, akaanza kugawa nafasi kati ya 0.4 na 0.5, akasimama ghafla na chaki mkononi. "Hii 45 ni ya mia. Ile 6 ni ya kumi. Nilikuwa nalinganisha vitu viwili."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa sentensi yake ndiyo iliyotufikisha pale. Na ningesema "hapana" mwanzoni, darasa lingepata jibu na yeye angebaki na wazo lake lile lile, ila sasa amelificha.

Siku hiyo nilijifunza na langu. Kwa miaka nilikuwa nikisoma 0.45 "sifuri nukta arobaini na tano". Ulimi wangu ndio uliopanda lile kosa. Tangu hapo nasoma "sifuri nukta nne tano", au "sehemu 45 za mia", na nawataka watoto waseme hivyo.

Paul Cobb na Erna Yackel, watafiti wa Marekani waliokaa muda mrefu ndani ya madarasa ya watoto wadogo, walieleza mwaka 1996 kwamba kila darasa la hisabati lina kaida zake za kihisabati: nini kinahesabiwa kuwa maelezo yanayotosha, nini ni njia tofauti kweli, nini ni njia ile ile kwa maneno mengine. Kaida hizi hazitangazwi. Zinajengwa kwa namna unavyopokea majibu, siku baada ya siku. Darasani kwako leo maelezo yanayotosha ni "ndivyo kanuni inavyosema". Ukianza kuuliza "umejuaje?" kwa jibu sahihi na kwa jibu la makosa sawasawa, kaida itasogea. Msisitizo wangu uko kwenye neno sawasawa. Ukiuliza "una hakika?" pale tu mtoto anapokosea, watajua kwa wiki moja kwamba swali hilo maana yake ni "umekosea", na watabadilisha jibu kabla hujamaliza kusema.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, ingawa panastahili zaidi. Maneno mengi ya hisabati tumeyaazima kutoka kwenye maisha, na mtoto huja nayo yakiwa na maana ya kwao. Muulize tofauti ya 8 na 5 ni nini, akikujibu kwamba moja inagawanyika kwa mbili na nyingine haigawanyiki, hajakosea. Amejibu swali la kila siku. Pembe kwake ni ya mnyama, eneo ni mahali. Hatari kubwa zaidi ni ule ufundi tunaowapa wa kuwinda maneno: ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa. Wape hili: Juma ana penseli 12, amemzidi Asha kwa 5, Asha ana ngapi? Utaona 17 nyingi sana. Wameliona neno "zidi" wakajumlisha, kama tulivyowaagiza. Waambie wachore kwanza, Juma mstari mrefu, Asha mstari mfupi, ndipo washike namba.

Na wasichana. Umetaja kwamba kati ya watano wako msichana ni mmoja. Sian Beilock na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa Marekani juu ya walimu 17 wanawake wa madarasa ya kwanza na ya pili. Kadiri mwalimu alivyoiogopa hisabati, ndivyo hadi mwisho wa mwaka wasichana wa darasa lake, si wavulana, walivyoelekea kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na wasichana walioamini hivyo walikuwa na matokeo ya chini. Mwanzoni mwa mwaka uhusiano huo haukuwepo. Sisi walimu tunapitisha mambo bila kuyasema. Mwombe mwenzako unayemwamini akae nyuma kipindi kimoja, aandike kila unayemtaja na swali unalompa. Mara nyingi tunakuta tumewapa wavulana "kwa nini" na "ingekuwaje kama", wasichana tumewapa "soma jibu lako" na "futa ubao". Nilipofanyiwa hivyo nilibisha mpaka nilipooneshwa karatasi.

Hofu yenyewe ni pana kuliko jinsia. Katika upimaji wa kimataifa wa wanafunzi uitwao PISA, wa mwaka 2012, kwa wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, asilimia 59 ya vijana wa miaka 15 walisema mara nyingi huhofia kwamba masomo ya hisabati yatakuwa magumu, na asilimia 30 walisema hujiona hawana la kufanya wanapokabili swali la hisabati. Wasiwasi nao haukai pembeni kungoja. Unachukua nafasi ile ile ya akili ambayo mtoto alihitaji kuishikia 12 wakati anaizidisha kwa 3. Ndiyo maana mashindano ya ubaoni ya nani amemaliza wa kwanza ningeyaacha kabisa darasani kwako mwaka huu. Yanawapima wale watano tu, ambao unawajua tayari.

Unaniambia muda unakwisha. Najua. Gharama ya haya ni kama dakika kumi za kila kipindi kwa wiki za mwanzo, na utazipata kwa kupunguza mazoezi: badala ya maswali ishirini ya kugawanya sehemu kwa sehemu, toa manane uliyoyachagua vizuri, mawili yakiwa ya kueleza. Kukariri mimi sikupingi kote. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, bila hilo mtoto anachoka njiani. Lakini kanuni kama "geuza ya pili uzidishe" ikikaririwa bila maana, mtoto wa pembeni anageuza ya kwanza, anageuza zote mbili, au anaigeuza hata penye kujumlisha, na kwenye mtihani hana pa kujishikia. Mwulize kwanza nusu zimo ngapi ndani ya 3. Atasema 6. Basi ameshagawanya 3 kwa nusu, na sasa kanuni ina mahali pa kukaa. Kuwapanga wajanja upande mmoja na wazito upande mwingine sikushauri. Kundi la pili litapata maswali mepesi na mwalimu aliyekata tamaa, na watoto wanalijua jina la kundi lao hata ukiliita jina la ua.

Nibaki sasa na yule msichana. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimwita mvulana ubaoni agawanye 3/4 kwa 1/8. Alisimama muda mrefu. Nikamwambia, "Rudi ukakae, wenzako wamekusubiri vya kutosha." Hakufungua mdomo katika somo langu mpaka mwaka ulipoisha. Nilipokusanya madaftari nikakuta pembeni mwa ukurasa wa siku ile amechora mstatili, akaugawa vipande vinane, akatia kivuli sita, na chini ameandika 6. Jibu alikuwa nalo. Hakuwa na njia ya kulisema kwa lugha niliyoikubali, na mimi sikumuuliza. Bado linaniuma, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu huu.

Basi usimwite ubaoni kwa mwezi mzima, na umwambie hivyo faraghani ili asiishi kwa kungoja zamu. Kila unapopita, soma daftari lake kwa makini na uulize swali moja la kweli juu ya mstari mmoja. Wiki ya pili mwombe ruhusa uiandike njia yake ubaoni bila jina, na uwaache wenzake waifasiri. Atakaa hapo asikie watu wanaishughulikia kazi yake kwa heshima, wengine wakiielewa vibaya, na atatamani kuwasahihisha. Usimsukume. Wiki ya tatu au ya nne, ukiona njia yake inahitajika kweli na si kwa kumpa moyo tu, inama kwenye dawati lake: "Hakuna aliyefanya kama wewe hapa. Nikifika sehemu hii nitaomba uisome ukiwa umekaa hapo hapo. Uko tayari?" Akisema hapana, sema sawa, na kesho uulize tena.

Ipo siku atasema kutoka alipokaa, pengine kwa sauti ndogo, kwamba haoni jinsi mstari wa tatu ubaoni unavyotoka kwenye wa pili. Usimpigie makofi, na usiwaombe wenzake wampigie. Subiri kidogo, kisha umuulize kama unavyomuuliza kila mtu: umejuaje?